Mahali pa Kuvulia Viatu

Ramani ya jumba la sanaa ilichorwa ukutani pale mlangoni, na kila walipobomoa au kujenga, waliipaka chokaa wakachora nyingine. Mwajabu alizikumbuka zote. Katika ile ya kwanza, chumba cha mbele kilikuwa na jina lake. Baadaye kilikatwa nusu. Katika hii mpya, ambayo bado ilinuka rangi, kilikuwa njia tu ya kuingilia Ukumbi wa Tunu, mchoraji wa juzijuzi, wenye sakafu ya mbao isiyokanyagwa kwa viatu.

Ndiyo maana chini ya picha alizochora Mwajabu palijaa makubadhi na raba za watu.

"Shikamoo, dada," Tunu mwenyewe alimwamkia, akivua viatu vyake vyekundu. "Karibu kwangu."

"Marahaba," alijibu Mwajabu kwa wivu. Kwangu! Mtoto huyu hata haya hana.

Vigelegele vilipompokea Tunu ukumbini, Mwajabu aliinama, akaokota kiatu kimoja chekundu, akakificha ndani ya kanga.

Wageni walipokwisha kuondoka, Tunu alitoka, akavaa kiatu kilichobaki, akaanza kutafuta kile kingine. Alichungulia chini ya picha moja, akahamia ya pili. Kwenye ya tatu aliinua macho, na hakuyashusha tena. Alisimama hapo mguu mmoja peku, kana kwamba amesahau alichokuwa akitafuta.

Nyuma ya mlango, Mwajabu alikibana kiatu kwapani, asithubutu hata kukohoa.