Wali Usio na Nazi

Mbwa aliunusa wali, akanitazama. Jana alikula wote, kisha akautapika papo hapo, nyuma ya jiko letu hapa Bububu. Mbavu zilimtoka. Kipi kitakaa tumboni mwake?

"Badria!"

"Naam, mama."

Mama hagusi mbwa. Chombo alicholamba mbwa kwetu huoshwa mara saba, ndiyo maana nilimtilia kwenye kifuu cha nazi.

Mama alitoka nje, akainama, akaunusa wali. "Umeupika kwa tui?"

"Wali si hupikwa kwa tui?"

"Tumbo bovu ulitie nazi! Ulipokuwa ukiumwa, nlikupa nini mie?"

Aliingia jikoni, akakawia. Akarudi na ubwabwa wa maji matupu, kwenye bakuli lake la buluu.

"Mama, bakuli lako!"

"Likae huku huku nje," alisema, akisogea mbali. "Kwani kesho hatokula?"