Soksi za Kubana

Mama aliivua soksi kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado umeshika simu ya mteja aliyekuwa akiulizia gauni lake. Soksi iliteleza kutoka gotini hadi vidoleni bila ukaidi wowote. Akaitupia kwenye kapu la vitambaa kando ya cherehani, akaendelea na maneno yake.

Binti yake, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni, naye amevaa soksi kama hizo, na utepe wa kupimia mkononi, alitabasamu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, na wodini alikuwa ameona wanaume wazima wakitokwa jasho kuvua soksi za namna ile. Mama ameshazizoea, alijiambia.

Kisha akauzungusha utepe kwenye kifundo cha mguu, na tabasamu likamkauka. Mguu ulikuwa umevimba kuliko alivyouacha. Mishipa ilijisokota kwenye shavu la mguu, na juu ya kifundo ngozi ilikuwa nyeusi, inang'aa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ngozi hiyo ikichanika, kidonda chake hakiponi upesi, na mwenye kidonda cha mguu haendeshi cherehani ya pedali. Daktari alikuwa ametaka kumpasua mapema. Binti ndiye aliyemsihi asubiri, akaapa kwamba soksi na kuinua miguu vingetosha. Wiki ijayo walitakiwa kurudi kwake na majibu.

"Unazivaa kila siku, Mama?"

"Kabla sijashuka kitandani, kama ulivyoniamuru, daktari wangu. Muulize baba yako. Siku hizi namwamkia nikiwa nimeshazivaa."

Baba, aliyekuwa akipiga pasi suruali ya mteja, aliitikia kwa kichwa. Kigoda cha kuinulia miguu nacho kilikuwapo chini ya dirisha, tena kimeshonewa mto. Mama hakuwa mtu wa kudanganya.

Basi binti akalianza somo upya, taratibu, kama anavyolianza kila anaporudi nyumbani. Ndani ya mishipa ya miguu mna vali, vilango vidogo vinavyoipisha damu ikipanda kwenda moyoni, kisha vinafunga isirudi. Vilango vikilegea, damu inateremka na kutuama chini.

"Zipu iliyochoka meno," alisema Mama.

"Ndiyo hiyo. Soksi inaubana mguu ili meno yakutane tena."

Mama aliguna. Kubana ni neno asilolipenda. Watu walivuka mitaa mizima, wakipita mafundi wengine, kwa sababu nguo ya kumkaba mwenyewe haikuwahi kutoka mikononi mwake, na hata gauni la mwaka juzi akilipanua huoni lilipoguswa.

Mlango ukasukumwa, akaingia mama mdogo, msusi anayesimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu. Binti alipomletea naye soksi kama zile, huyu aliziita chatu, akasema atakayemvisha ajiandae kumzika. Leo alipandisha pindo la sketi kidogo, kwa madaha.

"Nimezivaa, na usinicheke. Mama yako alinikalisha hapa, akanisaidia. Sasa hata sizisikii mguuni. Wenzangu wote pale saluni wamemfuata."

Binti nusura alie kwa furaha. Miaka yote ya kukesha na vitabu, kumbe faida yake ni hii, mama mdogo kuvaa soksi. Lakini macho yake yalishuka hadi kwenye kandambili, akaona nyayo za mama mdogo nazo zimefura, zimemwagika kandokando. Akafikiri kwa makini, kama alivyofundishwa. Wagonjwa ni watiifu, kigoda kipo, soksi zinavaliwa. Kosa liko kwenye nguvu ya soksi.

Akafungua mkoba, akatoa pakiti mpya.

"Hizi ni kali zaidi, Mama. Zivae hizi mpaka siku ya kwenda kwa daktari. Ninakuomba."

Mama alizipokea bila kinyongo. Akazivuta kwa vidole gumba viwili, akazielekeza kwenye mwanga wa dirisha kama anavyokagua kitambaa chochote, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wenye kiwanda hawa, mwanangu, wanapunja kitambaa kila siku." Akanyoosha mkono kuchukua mkasi. "Za mama mdogo wako zilinitoa jasho, nilizipasua kisiginoni hadi gotini ndipo nikapata pa kutia kipande. Hizi nitazimaliza kabla ya chai. Na wewe vua zako nikupanulie, usirudi wodini umekabwa hivyo."