Chaki ya Mwamuzi

Mpira wa mwisho ulishamtoka msusi mkononi, na mama mkwe wake, ambaye ndiye nahodha wa jozi yao, akaanza kelele kule mwisho wa uwanja.

"Wee! Umeusukuma kama gunia! Simama, mpira, simama!"

Fainali ya dunia ya kuviringisha mipira kwenye nyasi, pointi ziko sare. Mpira ukakata kona, ukapita ubavuni mwa kimpira cheupe wanachokilenga, ukatumbukia mtaroni hapo hapo nyuma yake.

Wapinzani wakarukiana shingoni. Mpira ukiingia mtaroni umekufa. Unapona tu kama njiani ulikigusa kimpira, na hapo mwamuzi huupiga chaki; mpira hai ulio karibu zaidi na kimpira ndio unaoshinda.

"Nimetuponza, mama!"

"Funga mdomo! Kimetikisika, nimekiona!"

"Kweli?"

"Vumbi unaloliacha chini ya kabati naliona, nisione hiyo?"

Watu wote wakamgeukia mwamuzi. Jamaa alikuwa anajipapasa mifuko polepole, kama aliyepoteza funguo. Akatoa chaki, akainama mtaroni, akauchora mpira.

Mama mkwe akatupa kofia, akashika sketi, akaja mbio juu ya nyasi zile zile ambazo humfokea kila anayezikanyaga kwa kisigino.