Nakala Safi

Magemu elfu sita! Dada mtu akasonya. Kaka yake alikuwa ameyapanga yote kwenye kompyuta, kila moja na mwaka wake na picha ya jalada, na hajawahi kumaliza hata moja. Mpishi asiyeonja.

"Lile la marehemu Mama lilikuwa na nakala mbili," kaka akajigamba. "Nimefuta ile chafu, iliyokwisha kuchezwa, nimebakiza safi."

Dada akaishika pedi ya kuchezea. Kitufe chekundu kilikuwa kimelika kwa dole gumba la mama yao.

"Haya, bwana mpangaji, lifungue. Alifika mlango wa mwisho, tummalizie."

Kaka akalifungua.

Pale Mama alipokuwa akibonyeza ENDELEA kila jioni, palikuwa na neno moja tu: ANZA.