Kitunguu Kizima

Kila Jumamosi asubuhi Tulinagwe alitoa nzi dume mmoja kwenye chupa iliyoning'inia jikoni, akampasua kwa sindano, kisha akainamia hadubini. Sheria ilikuwa moja kwa wote: hupewi kibali cha kuzaa mpaka nzi waliokulia nyumbani kwako wawe na mbegu za kiume zilizo nzima, ndipo ijulikane kwamba hewa yako inamfaa mtoto.

Kwa miaka sita alikuwa akitafuta kitu kimoja. Ndani ya mbegu changa ya nzi, vijichembe vinavyoipa nguvu hukusanyika na kujiviringisha tabaka kwa tabaka, kama kitunguu kilichokatwa, kabla ya kurefuka pamoja na mkia. Vya nzi wake vilisambaratika kila mara.

Leo alikiona kitunguu kizima.

"Ambakisye! Njoo uone, mume wangu!" Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Wenzake wote sokoni walikuwa wakiitwa mama fulani. Yeye bado Tulinagwe tu, na jina la mtoto alikwisha kulichagua zamani.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, hakusogea. "Nisamehe," alisema. "Hao nimewatoa kwa dada, kule Rungwe milimani. Wetu walikufa Jumatano, wote. Nilishindwa kukuona ukiinuka tena hapo mezani bila neno."

Tulinagwe hakuliondoa jicho kwenye hadubini.

"Hujaniambia kitu," alisema.

Akabonyeza kitufe cha hadubini, picha ikaenda kwa afisa wa vibali. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari unafunga dirisha, kuizuia hewa ya nje.