Sikio la Boti

Siku hizi boti isiyo na sikio hairuhusiwi kuingia ziwani, kwa hiyo fundi wa idara ya uvuvi alifika asubuhi na kifaa chake cha kusikilizia samaki.

Nyabwire alimsimamia. Boti hiyo ya faiba aliiunda kwa mikono yake, na ndimo yeye na mumewe, Mafuru, walimogombana na kupatana, maana nyumbani mama mkwe alisikia kila kitu.

"Kinabandikwa kwa ndani," fundi alieleza. "Sauti inapenya faiba. Adui ni hewa tu. Mapovu yakibaki chini yake, kinakuwa kiziwi."

Akamimina gundi kwenye sakafu ya boti, akakikandamiza kifaa harakaharaka. Nyabwire akapitisha kidole pembeni. Gundi ilijaa mapovu kama uji unaochemka.

"Fundi, huku chini hakitasikia hata sangara. Kibandue ukiweke upya."

"Kiko sawa, mama."

Akatoa kitambaa safi, akaufuta uso wa juu wa kifaa, ule ulioelekea wanapoketi Nyabwire na mumewe, polepole, hadi ukang'aa.

Alipoondoka, Mafuru akapanda, akaketi mahali pake pa kila siku.

"Haya, mke wangu, lile jambo letu la jana..."

Nyabwire, macho kwenye ule uso uliong'aa, akamziba mdomo kwa mkono ambao bado ulinata gundi.