Seli Zisizoonja Moshi

Nilitoa jicho kwenye darubini, nikalifikicha, nikatazama tena. Seli za mdogo wangu zilikuwa zimepandana.

Maabara yetu hukuza seli za njia ya hewa za watu wenye afya, kisha tunazipulizia moshi wa sigara tuone saratani inavyoanza. Seli zenye afya hutandaa kama mkeka, na vinyweleo vyake hupepea. Hizi zilikuwa zimelundikana ovyo, hakuna kinachopepea. Na moshi wenyewe hatujazipulizia bado.

Mara ya kwanza nilidhani nimechanganya visahani. Nikayeyusha seli zake nyingine zilizokuwa kwenye friza, nikazikuza upya, nikasubiri. Leo ni yaleyale.

Mlango ukafunguka. Ni yeye, katoka gereji anakopulizia magari rangi, na ovaroli lake mwilini.

"Dada, watoto wangu hawajambo?"

Akanisogeza kwa bega, akainama kuchungulia.

"Aisee, wamejaa! Wa wenzangu nao wamekua hivi?"

"Hapana."

"Si nilikwambia? Kifua changu ni chuma. Sijawahi kuvuta hata sigara moja."

Kweli, hajawahi. Ndiyo maana nilimchagua. Nilimuuliza habari za sigara tu, nikaridhika.

Akanigeukia akicheka. Rangi ya buluu ya gari la leo ilikuwa imemganda puani, mpaka ndani.